Tangazo la Saa Kumi na Moja

Mimi ndiye sauti.
Kisiwa chetu cha Tsuwajima kina nguzo sita,
kila nguzo ina kipaza, na kila kipaza kina mimi.
Natangaza tufani. Natangaza mazishi.
Natangaza nguruwe mwitu aliyeogelea kutoka bara
akala viazi vya Bi Kinuyo bila hata kubisha hodi.

Mwezi wa pili ikaja barua ya jiji.
Tangu watuunganishe nao
sisi ni kata ya mwisho kwenye orodha,
baada ya jaa la taka.
Barua ilisema: kuboresha huduma.
Nina miaka sabini na miwili, neno hilo nalijua.
Shule waliiboresha, vikabaki viti.
Posta waliiboresha, likabaki sanduku,
jekundu, limezibwa mdomo kwa utepe.

Tukakutana shuleni, basi, kwenye viti vile vile,
watu arobaini na mmoja, magoti yakigusa videvu,
mbele yetu Bwana Nishiwaki wa idara ya mipango,
kijana mpole, soksi yake ina tundu
na kidole kinachungulia mkutano.
Akasema fungu ni moja, mahitaji mawili:
zahanati ya kila Jumatano
au kivuko cha jioni.
Chagueni,
akasema, kama mtu anayekaribisha wageni mezani.
Akaonyesha michoro. "Namba hazina chuki na mtu."
Kinuyo akamwuliza: "Na magoti, zinayo?"

Tatsuzo alisimama kuitetea zahanati.
Alianza na presha, akapitia dawa za macho, akapotea,
mwisho akasema daktari ndiye mtu pekee
anayemgusa tangu mkewe afariki.
Tukatazama sakafu. Bado ina mistari ya mpira wa kikapu.

Kisha Mitsuharu wa machenza.
Hakuwa na hoja. Alisema tu:
"Honoka wangu hutoka darasani saa kumi."
Akaketi. Kiti kikalia kwa niaba yake.

Kila mtu alijaza mwenyewe yaliyobaki:
kivuko kikifa, mtoto atapanga chumba bara,
mama atamfuata, baba atafuata harufu ya chakula,
na kisiwa kitakuwa hakina mtu
anayekimbia, hata kwa kuchelewa.

Husemwa kura hupigwa. Ile ndiyo iliyotupiga sisi.
Vikaratasi ndani ya sufuria ya wali,
nikahesabu mara mbili, mikono ikinuka siki:
kivuko ishirini na tatu,
zahanati kumi na saba,
kimoja kitupu, kimekunjwa vizuri kuliko vyote.

Hakuna aliyepiga makofi.
Wenye magoti mabovu walikuwa wamempa binti wa watu
siku yao ya Jumatano.
Mimi nimo katika wale kumi na saba.
Naandika hapa kwa kuwa kipaza hakiulizi.

Na lingine nililonyamazia ukumbini:
wiki moja kabla, Honoka alikuja ofisini kutoa nakala,
fomu za chuo cha keki, Osaka, aanze mwakani.
Akalipa sarafu, akainama, akasema
baba asijue kwanza.
Ana miaka kumi na saba. Kura hana.
Hakuna aliyekumbuka kumwuliza,
nami niliyejua jibu
nilishika kalamu na kuandika mahudhurio.

Leo saa kumi na moja nimewasha mtambo,
nimekohoa pembeni, nimesoma uamuzi.
Nguzo ya sita, kule magharibi, huchelewa kidogo,
hunirudia kama mwanafunzi mzito,
ikizisomea nyumba kumi na tisa
ambazo funguo zake ziko kwenye droo yangu.

Simu ikalia. Kinuyo.
"Upepo umekula katikati. Tumepata nini?"
Nikamwambia akae karibu na dirisha.
Nikasoma tena, polepole,
na safari hii nikaliruka lile neno lao.