Chanda na Pete

Dresden, Februari, theluji imegeuka tope.
Roswitha Kühnel anafungua kopo la biskuti
analitoa jicho la marehemu Gerolf:
lenzi nzito, shaba ikichungulia
pale vidole vilipoisugua miaka arobaini.

Enzi zao lenzi ilifungwa kwa hesi.
Ukazungusha, ukazungusha,
na bibi harusi ameshapanda gari.
Kisha yakaja meno matatu: robo duara, ta!
imekaa. Lakini kila kiwanda na meno yake,
lenzi ya huku haikukaribishwa kule.
Baadaye vikaota vipini vya kunong'onezana umeme.
Baadaye kioo kikang'olewa ndani
na kamera ikakonda
kama mtu aliyetoka hospitali.

Mjukuu wake, Janika, anayo hiyo iliyokonda.
Amekuja na pete ya alumini, euro kumi na mbili,
upande hesi, upande meno.
"Ndoa ya mkeka," anaguna Roswitha,
lakini mkono umeshaichukua,
mkono uliofunga hesi hizi kiwandani
zamu ya usiku, bila kutazama.
Mizunguko mitatu na ushei. Inagotea.

Kamera inaandika: *Hakuna lenzi.*

Hakuna?
Anazungusha pete ya umbali, polepole,
mpaka kope za Janika zinahesabika,
na nyuma yake birika, dirisha,
na kwenye pembe, jua likiingia upande,
lile doa la mwanga
ambalo Gerolf alililaani kila Jumapili.

"Usilifute," anasema.