Mtungi wa Tuitoek

Ameufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi,
umekaa wima kama abiria wa Njoro mwenye kiburi.
Ndani mna naitrojeni: hewa hiihii
tunayoivuta na kuitoa bila asante;
kiwandani waliibana, wakaipoza, ikawa maji.

Anafunua. Ukungu unamwagika zizini,
unalamba gambuti.
"Usiguse!" anamkemea Kiptanui wangu. "Baridi hii huunguza."

Anachomoa mrija mwembamba kuliko njiti ya kiberiti:
mbegu ya fahali aliyechinjwa kabla mtoto huyu hajazaliwa.
Sigilai anacheua tu.

"Mtungi ukikauka, yote yameoza," asema,
"nayo hutoroka kila siku, kidogo kidogo."

Namlipa. Vumbi lake linatulia.
Navuta pumzi ndefu,
labda ni ile iliyotoroka,
naanza kuhesabu miezi tisa.