Mkia wa Kumi na Tatu

Jumanne, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa kanisa, Matungu.
Wanafunzi wangu wana masizi ya miwa shingoni.
Osundwa amechomeka penseli nyuma ya sikio,
lile lile analodai liliuawa na trekta.

Nawaambia: msishike yote.
Kiingereza hupita kama Nzoia iliyofurika;
anayetaka kuukumbatia mto mzima huenda nao.
Wewe simama ukingoni, ujue unangoja nini:
jina, siku, nambari.
Gogo moja tu. Likifika, livute.

Nabonyeza redio. Mwanamke wa kwenye kanda
anasimulia treni, mvua, shangazi yake mgonjwa.
Swali ni moja: treni inaondoka saa ngapi?
Wangatia ameandika habari za shangazi.
"Anaugua nini, Mwalimu?"
Sijui. Miaka sita naicheza kanda hii,
sijawahi kujiuliza.

Kisha tunafika pabaya.
Kwetu kumi na tatu haijafanana kamwe na thelathini,
hata mlevi hazichanganyi.
Kwao kuna thatini, kuna thati,
na kinachozitenga ni n ndogo mkiani,
inayobanwa puani kama mtu anayezuia chafya.
Tunaitamka. Ukumbi unavuma kama mzinga.
Osundwa anaandika 30. Narudia.
Anaandika 30, anaikoleza.
"Ndivyo nilivyosikia kwenye mizani, Machi mwaka jana," asema,
"nikakopa mabati.
Malipo yakaja ya kumi na tatu."
Hakuna aliyecheka.
Nyumba yake naijua: upande mmoja bati,
upande wa pili turubai.

Ijumaa, Nerima akapeleka miwa yake.
Karani kibandani, kipaza sauti kinakwaruza,
Kiingereza kinamwagika: namba ya lori, takataka, unyevu, ushuru wa barabara,
naye anaviacha vyote vipite,
kiatu kimoja kimezama matopeni,
anangoja gogo lake.

Thatini.

Na mkia wake. Aliisikia n ikifunga mlango.
Lakini kwenye kioo kilichopasuka
aliziona tarakimu nyekundu za mashine,
na hazikuwa hizo.
"Rudia nambari," akasema, kwa Kiingereza.
Sauti ilimtetemeka, alinisimulia,
na neno la "tafadhali" likamponyoka njiani,
akaliacha liende.
Karani akakohoa. Akarudia.
Safari hii mkia haukuwepo.

Jumanne iliyofuata walichelewa wote.
Walikuja na stakabadhi za mizani,
ndani ya mifuko ya sukari, ndani ya Biblia,
moja imekunjwa mara nane kwenye pindo la leso.
Osundwa alileta ile ya Machi,
wino umekimbia, imebaki rangi ya chai.

Redio sikuigusa.
Nilishika chaki, nikaandika thelathini,
nikaweka kistari, nikaandika kumi na tatu,
na mtu wa nyuma, sikumwona nani,
akataja jibu kabla ya mkono wangu:
seventini,
akiibana ile n mpaka mwisho.