Ufunguo wa Hewa

Waliniita Chumbageni, nyumba ya ghorofa nyuma ya shule,
siku ya tatu tangu maji ya mgao yarudi.
Bomba la moto limekuwa bubu.
Juu ya paa pipa limejaa, jua limelipika tangu asubuhi,
shaba yake huwezi kuigusa;
chini, bafuni, unafungua koki,
inakohoa mara mbili kama mtu aliyetaka kusema akaghairi,
basi.

"Tuna mzazi ndani," akasema mama mkwe, Bi Nunu,
mkono mmoja mlangoni, mwingine na kikopo cha vidonge vya presha.
"Leo siku ya kumi na mbili. Tunamkanda kwa maji ya birika,
birika nane kwa mara moja, na mkaa ulivyopanda bei!
La nane likichemka, la kwanza limekwisha poa."

Mwanawe alikuwa ameshaongeza presha ya pampu.
Aliongeza jana, akaongeza usiku,
akaongeza alfajiri kabla ya kwenda bandarini.
Sindano ya geji imelala kwenye nyekundu
na kiungo cha chini ya ngazi kinatoka jasho.
Nikaipunguza kwanza. Polepole. Mpaka moja na nusu.

Marehemu Fundi Shekiondo, aliyezeekea kwenye boila za mkonge,
alinifundisha nikiwa bado naona haya kubeba spana barabarani:
Hewa haifukuzwi kwa nguvu, Mwantumu.
Ukiisukuma inajikunja, inakungoja.
Itafute ilikopanda, uifungulie mlango mdogo.

Nikafuata ukuta, nagonga bomba kwa kipini cha bisibisi.
Penye maji mlio ni mzito, kama gunia.
Du, ngazini. Du, du, koridoni.
Chumbani kwa mzazi, juu ya dirisha:
teng.

Alikuwa ameketi kitandani, kanga imekazwa tumboni,
uso kwenye feni isiyozunguka.
Udi ulikuwapo. Uji wa pilipili manga ulikuwapo, umeganda utando.
Chandarua kidogo cha mtoto kilikuwa kimekunjwa,
kimefungwa uzi, kimewekwa juu ya kabati.
Nikakitazama mara moja, nikatazama bomba.
Ndipo nikaelewa kwa nini pale mlangoni,
nilipofungua kinywa kutoa hongera,
Bi Nunu alianza habari za mkaa.

Mwili hauna habari.
Mwili unataka maji yake ya moto vilevile,
siku arobaini vilevile.

Nikapanda kigoda. Bomba linapokata kona
kuna kiskrubu, kimepakwa rangi ya ukuta hata hakionekani.
Nikakwangua. Nikatia ufunguo. Robo ya mzunguko tu.

Ikatoka kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani,
hewa ya moto, inanuka kutu na chumba kilichofungwa.
Kisha ikatema: povu, tone, tone la rangi ya chai,
kisha uzi wa maji safi ukanichoma kidole.
Nikafunga.
Huko bafuni koki niliyoiacha wazi ikaanza kumimina.

Na nyuma yangu pia kulikuwa na sauti.
Sikugeuka. Fundi halipwi kwa kutazama watu.
Nikajifanya nakaza kilichokwisha kazwa,
nikakaza tena,
mpaka mkandaji akaingia na ndoo inayofuka mvuke,
akaitua, akasema, "Ehe, mwanangu. Ehe."
Koridoni kikopo kilianguka,
nikasikia vidonge vikibiringika kwenye sakafu, kimoja kimoja,
na hakuna aliyeviokota.

Nilipokuwa nakusanya vifaa akaniuliza:
"Ikishatoka, ndiyo imetoka?"

Ningeweza kusema ndiyo, nichukue elfu ishirini yangu niende.
"Hurudi," nikasema. "Kila maji yakikatwa, hewa hurudi.
Pengine kidogo, pengine kama leo.
Wasiongeze presha. Panda kigoda."

Nikamwachia ufunguo, ule mdogo wa shaba.
Akaupima kiganjani,
akaufunga kwenye pindo la kanga.