Mguu Mfupi wa Meza

Dundee, Agosti, juma moja kabla ya watoto.
Mvua ya hapa hainyeshi, inanong'ona
mpaka koti liwe zito.
Mkuu ametupa chumba kilichokuwa stoo ya ramani:
dirisha moja, birika moja,
meza yenye mguu mfupi.
"Nyinyi wanne," akasema, "mwaka huu ni timu."
Akaenda zake,
akatuachia neno hilo na biskuti.

Catriona Rennie, miaka ishirini na miwili ya Kiingereza.
Mlango wake hufungwa kengele ikiwa bado inalia;
ufunguo wa kabati la vitabu anauvaa shingoni kama hirizi.
Struan wa sayansi, shahada yake bado ina joto la mashine,
kalamu za rangi sita, mpango wa kurasa kumi na nne.
Wanda Kulesza, msaidizi wa darasa,
amesimama mlangoni, koti hajavua.
Na mimi wa hisabati, Shekue. Wao huniita Sheki.
Niliacha kuwasahihisha mwaka wa pili.

Nilikuwa na methali mdomoni, ile ya kidole kimoja.
Nikaimeza.
Methali peke yake haijawahi kumuua chawa.

Struan akaanza ukurasa wa kwanza.
Kila alipoegemea meza, chai ziliruka.
Ukurasa wa tatu Catriona akasema, bila kuinua macho:
"Lewis Dargie."

Kimya.

Lewis wa mwaka jana, aliyehama Aprili bila kuaga.
Mimi nilijua: mpe sarafu, atakushinda kuhesabu;
mpe karatasi, atalala.
Catriona alijua alivyofunika mistari kwa kiganja,
akaacha neno moja moja lichungulie.
Struan, aliyekuwa hapa kwa mazoezi ya ualimu,
alijua kiti chake: kando ya hita, daima kando ya hita.
"Viatu," Wanda akasema kutoka mlangoni.
"Vilikuwa vinavuja. Na mama yake zamu ya usiku, kiwanda cha mikate.
Yeye ndiye aliyemlaza mdogo wake."
"Ulijua tangu lini?"
"Oktoba."
"Mbona hukusema?"
Akatutazama mmoja mmoja, kama anayehakiki chenji.
"Nani aliniuliza?"

Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na kipande,
amekifungia kwake,
na mtoto mzima hakuwa na mtu.

Nikamvutia kiti. Hakukaa.
Mkataba wake unakoma saa tisa;
vikao vyetu vya saa kumi halipwi.
Miaka minne tumekula meza moja, sikulijua hilo.
Catriona akauchukua mpango wa Struan,
akachana ukurasa wa kumi na nne
(Struan akafumba macho),
akaandika nyuma yake: Alhamisi, saa nne asubuhi.
"Saa nne nina darasa," Struan akasema.
"Basi twende kwa Mkuu tukaivunje ratiba. Sote."
Alitamka *sote* kama aliyeuma ndimu.

Waliporudi kwenye chai, nikakunja ule ukurasa mara nne,
nikapiga goti, nikausukuma chini ya mguu mfupi.
Meza ikatulia.
Kiasi. Ukiandika kwa hasira bado inacheza.

Jumatatu, viatu mia na ishirini koridoni,
vingine vipya, vinalia kama vifaranga.
Shingo ya Catriona iko tupu:
alikwenda kwa fundi wa Hilltown akachongesha funguo nne.
Wangu unakwama, mpaka uunyanyue kidogo na kusukuma kwa bega.
Mlango wake alisahau kuufunga.
Au hakusahau. Sikuuliza.

Alhamisi, saa nne na dakika mbili,
Wanda akaingia, akavua koti,
akafungua daftari lake la miraba.
"Msichana wa dirishani," akasema,
"yule anayesema kila siku ameshakula."
Struan akaweka kalamu zake chini.