Kabla Saimi Hajafika

Kipimajoto cha dirishani kinasema ishirini na tatu
chini ya sifuri. Usiku kucha mbingu imepepeta
unga wake juu ya njia yetu,
mita mia na arobaini kutoka kizingitini hadi barabarani,
na saa mbili kamili Saimi anakuja na sindano ya mama.
Sasa ni saa kumi na moja na nusu.
Beleshi limeegemea mlango, tayari, kama punda aliyezoea.
Mimi ndiye bado. Nimesimama mbele ya rafu
na kichwa wazi, nachagua.

Hii ya bluu walinipa benki
siku walipofungua tawi kijijini, na keki, na kahawa.
Tawi limefungwa. Kofia imebaki na jina lao kwenye paji,
nyepesi kama ahadi: upepo wa ziwani
hupita ndani yake bila kubisha hodi.
Ya kuchukulia gazeti, labda.

Ya manyoya ni ya Ensio.
Alipohamia Oulu kwa yule fundi wa miwani
alibeba redio, nyavu, hata kisu cha mkate.
Kofia aliisahau. Ulikuwa mwezi wa Juni,
na mwezi wa Juni nani hukumbuka kofia?
Majira mawili ya baridi imekaa hapa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikiri: ina joto. Ina joto kumshinda mwenyewe.
Mwaka jana niliivaa, nikasukuma theluji nusu ya njia,
nikatota jasho; na jasho kwenye baridi
ni mdai mpole, anangoja upumzike
ndipo aje kudai chake, shingoni, mgongoni, katikati ya mabega.
Tena masikio yake nilikuwa nimeyafunga kidevuni kwa kamba.
Greda la manispaa likakata kona na taa zake zote
nami nimeinama, nasikia pumzi zangu tu.
Dereva, yule kijana wa akina Heikura, alipiga honi
mpaka mbwa wa ng'ambo ya ziwa wakaitikia.
Sikio la kufa halisikii dawa, sawa,
lakini langu lilikuwa zima.
Nililifunga mwenyewe
kwa kamba za mtu aliyekwenda zake.

Siku hizi paka hulala ndani yake.

Basi imebaki ya sufu, ya kijivu,
aliyoifuma mama mwaka ule vidole vyake vilipoanza kusahau.
Upande wa kulia alihesabu mishono sawasawa.
Upande wa kushoto alipotea, akarudi, akapotea tena,
kwa hiyo sikio moja inalifunika
na la pili inalichungulia.
Na inawasha! Kofia usiyoivaa hujui upupu wake.
Miaka minne nimeificha chini ya glavu.

— Irja, anaita kutoka chumbani, umevaa kofia?
(Jana nilikuwa dada yake. Juzi, mtu wa posta.)
— Ninavaa, mama.
— Ipi?

Nachukua kitambaa cha pamba, kile cha kufutia vikombe,
nakifunga kwanza kisogoni, kisha sufu juu yake.
Mwasho unanung'unika, unanyamaza.
Nje, theluji inalia chini ya viatu kama wanga mkavu.
Nasukuma, namwaga, narudi. Sikimbii.
Jasho likinyemelea kwenye paji nainua ukingo kidogo,
navutavuta hewa, nashusha.
Kulia kwangu kuna joto na kimya.
Kushoto, ubaridi unaling'ata sikio
lakini kupitia hapo dunia nzima inaingia:
tawi la msonobari linapotua mzigo wake,
greda, mbali bado, upande wa kiwanda cha mbao,
na saa mbili kasoro dakika nne,
gari la Saimi likibadilisha gia darajani.

Anashuka, ananitazama, anacheka.
— Sikio lako moja jekundu kama nyanya.
— Hilo, namwambia, ndilo lililokuwa kazini.