Kasma ya Uelimishaji

Mwezi wa sita niliandika kwa mkono wangu:
semina ya waheshimiwa, Dodoma, siku mbili,
milioni thelathini na nane.
Bosi akachungulia: usiandike "ushawishi",
andika "uelimishaji".
Nikafuta.

Muswada wa kikomo cha riba
ukarudishwa kwenye kamati, ukalala huko.

Leo Uyole ukungu haujainuka,
Tusekile kaleta rejesho la Jumanne.
Noti zina udongo wa viazi,
moja imeungwa kwa selotepu.
Nahesabu. Pungufu elfu mbili.
"Nitamalizia kesho, mwanangu. Gunia moja limeoza."
Nampa risiti.

Hajui kwamba amewanunulia chai
waheshimiwa watatu,
na sambusa.
Hakuna aliyesema asante.

Nami hili koti nililovaa,
sijui ni viazi vya nani.